Siasa Italeta Mvua?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi waliokusanyika Dongobesh, wilaya ya Mbulu)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wenzetu mliosimama kule nyuma kwa kuwa mabenchi hayakutosha:

Twawashukuru kwa kuja. Twajua kwamba leo ni siku ya mnada, na mtu aliyeacha mifugo yake mikononi mwa mwingine ili aje kusikiliza maneno ametoa kitu cha thamani. Kwa hiyo hatutasema ya kupamba. Tumekuja na swali moja ambalo tumelisikia mahali pengi tulipopita, tangu Haydom mpaka Basotu, tangu Katesh mpaka Endasak. Je, raia wa kawaida, mwenye shamba lake la mahindi na ng'ombe wake wanne, yampasa kujishughulisha na mambo ya siasa na kuyajua? Au siasa ni kazi ya wabunge, madiwani na sisi watu wa chama, naye alime tu na kuchunga?

Mzee mmoja, nyumbani kwake upande wa Hanang, alituuliza waziwazi. Alisema: "Wanangu, ninyi mmetoka chuo cha ualimu, mna midomo mizuri. Lakini hiyo siasa yenu italeta mvua?" Watu wote wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini usiku, tulipokuwa tumelala, hatukucheka tena. Swali lake lilikuwa la haki, nasi tulikuwa hatukulijibu.

Basi twalijibu leo. Hapana, mzee wetu, siasa haileti mvua. Lakini siasa ndiyo inayoamua mvua ikinyesha itanyesha juu ya shamba la nani. Na jambo hilo halihitaji mfano wa mbali. Wazee wa Basotu wanalijua kuliko sisi tuliozaliwa juzi.

Katika miaka ya sabini, ndugu zetu Wabarbaig walikuwa wakichunga katika nyanda zile chini ya Mlima Hanang, wakihama kwa zamu kufuata majani kama babu zao walivyofanya. Serikali ilitaka ngano. Nchi ilikuwa ikila mkate na haikuwa na ngano ya kutosha, na jambo la kutaka ngano si baya. Kanada ikaleta msaada wa matrekta, mitambo na wataalamu, na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likapewa ardhi. Yakatoka mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila shamba lilikuwa karibu eka 10,000. Majani mazuri kuliko yote, yale yaliyokuwa akiba ya mifugo wakati mwingine nchi inapokauka, yakapinduliwa na majembe ya trekta. Njia za kupeleka ng'ombe kwenye maji na kwenye chumvi zikafungwa. Hata bung'eda, makaburi ya wazee wanaoheshimiwa, baadhi yakalimwa.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye fundisho. Watu wa kijiji cha Mulbadaw hawakukaa kimya. Mwaka 1981 walikwenda mahakamani kulishtaki shirika lile. Mwaka 1984 Mahakama Kuu kule Arusha iliwapa haki. Lakini shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu ile. Kwa sababu gani? Kwa sababu kijiji hakikuweza kuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Na kwa sababu wale wanakijiji waliodai hawakuthibitisha mbele ya mahakama kwamba ni wenyeji kwa maana iliyotajwa na sheria.

Fikirini, ndugu. Mtu ambaye babu wa babu yake amezikwa pale, anaambiwa hakuthibitisha kuwa ni mwenyeji! Mtu anaweza kukasirika, nasi tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulikasirika. Lakini hasira haina karatasi. Kijiji kilikuwa na mwenyekiti, kilikuwa na mikutano, kilikuwa na watu hodari. Kilichokosekana ni kujua mapema, kabla trekta halijafika, ni karatasi gani inatakiwa, itolewe na nani, na ihifadhiwe wapi. Maarifa hayo yalikuwa mjini, na watu walikuwa malishoni. Wale waliojua sheria hawakuwa na shida ya ardhi, na wale waliokuwa na shida ya ardhi hawakuijua sheria.

Yuko atakayesema: hayo ni mambo ya zamani, mashirika yale hayapo tena, na Wakanada waliondoka mwaka 1993. Ni kweli. Na sheria nayo imebadilika. Baada ya Tume ya Ardhi ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992, na baada ya mabishano marefu, ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika mwezi Mei 2001. Sheria hiyo yasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali kwanza. Yasema pia kwamba ikitakiwa kuchukuliwa ardhi ya kijiji kwa manufaa ya taifa, nayo haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio wa kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini sharti kwanza ayatazame mapendekezo ya mkutano huo.

Na Mkutano Mkuu wa Kijiji ni nani? Si mwenyekiti. Si mtendaji. Wala si sisi wa chama. Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, aliyesoma na asiyesoma. Ni ninyi mliokaa hapa. Kwa utaratibu mkutano huo wapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya watu.

Twawauliza: katika vijiji mlivyotoka, mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini?

(Hapa palikuwa na kelele na vicheko.)

Vicheko vyenu twavielewa. Basi nasi tutawasimulia jambo tuliloliona wenyewe, ila jina la kijiji tutaliacha, kwa kuwa watu wake bado wanatafuta suluhu na hatupendi kuwaharibia. Tulifika pale asubuhi kwa mkutano uliotangazwa. Mpaka saa sita walikuwa wamekuja watu wachache, wengi wao wazee. Wengine walikuwa shambani, wengine mnadani, vijana walikuwa kwenye pombe, tuseme ukweli. Mkutano ukaahirishwa. Lakini kabla watu hawajatawanyika ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu akaweka jina lake au dole gumba. Na watoto wakatumwa nyumba kwa nyumba na karatasi nyingine ya namna hiyo, "ili ionekane mlikuja". Watu wakatia sahihi. Nani atakataa kutia sahihi karatasi ya mahudhurio?

Miezi michache baadaye akaja mtu na vigingi. Alipoulizwa akatoa nakala ya muhtasari: Mkutano Mkuu umekaa, umejadili, umekubali kwa kauli moja kumpa eneo la malisho kando ya mto. Na majina ya watu yapo nyuma, pamoja na madole gumba yao.

Na sisi, ndugu, tulikuwa pale siku ile ya mahudhurio. Sisi tuliosoma, sisi tunaojiita waandaaji wa chama, tulikaa kwenye kivuli tukinywa chai, na hatukuuliza karatasi ile ni ya nini. Tulidhani ni kazi ya mtendaji. Kosa hilo tunalibeba, na ndilo hasa lililotutoa tukaanza safari hii.

Mnaona basi kwamba sheria nzuri peke yake haitoshi. Sheria ya mwaka 1999 ni bora kuliko ile iliyowakuta watu wa Mulbadaw. Lakini imeuweka mlango mikononi mwa mwananchi, na mwananchi asipokuja mlangoni, mwingine atafungua kwa jina lake.

Na msidhani kwamba twawaomba jambo lisilowezekana. Tazameni Bonde la Yaeda, hapa hapa Mbulu. Wahadzabe hawana mashamba, hawana mifugo, ni wachache, na kwa miaka mingi kila aliyetaka ardhi aliwaona kama hawapo. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka bonde lile liwe mahali pake pa kuwinda. Wahadzabe wakapinga, wakasema mbele ya watu na mbele ya dunia, na mwaka huo huo kampuni ikajiondoa. Lakini hawakuishia kushangilia. Wakaendelea na kazi isiyo na shangwe, ya mipaka, ramani na vikao vya kijiji, wakisaidiwa na wenye kujua sheria, na mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya jumuiya yao, zaidi ya hekta 20,000. Wawindaji na warina asali wamepata karatasi ambayo wengine wetu wenye nyumba za bati hatuna! Sisi Wambulu tuliozoea kuwacheka Wahadzabe yafaa tunyamaze kidogo.

Sasa lipo neno jingine linalosemwa, tena linasemwa na watu wenye elimu. Wanasema: raia wa kawaida hana habari, hasomi magazeti, hudanganywa kwa kofia, fulana na sukari, basi afadhali asijiingize, awaachie wanaojua.

Neno hilo si geni. Mkoloni alilisema kabla yao. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, wa mwaka 1958 na 1959, hakuruhusiwa kupiga kura ila mtu mwenye mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au aliyefikia kiwango cha elimu kilichowekwa, au mwenye cheo kilichotajwa. Mkulima wa Daudi au Dongobesh alikuwa anatosha kulipa kodi, hakutosha kuchagua. Hata yule aliyetosha alilazimishwa kupiga kura tatu, moja ya Mwafrika, moja ya Mzungu na moja ya Mwasia. Na huko Marekani, taifa linalojisifu kwa demokrasia, watu weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wakiwekewa mtihani wa kusoma na kueleza katiba kabla ya kuandikishwa. Msimamizi ndiye aliyeamua nani ameshinda mtihani, na mweusi hata akiwa mwalimu aliweza kuambiwa ameshindwa. Waliteseka, wakaandamana, wengine wakauawa, mpaka ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965. Kila mahali aliyesema "hawa hawajui" alikuwa na faida katika kutojua kwao. Asingekuwa na faida, angewafundisha.

Lakini tusijidanganye kwa upande wetu. Haki ikishapatikana huachwa ikaoza. Mwaka 2010 Watanzania zaidi ya milioni 20 walikuwa wamejiandikisha kupiga kura. Waliopiga hawakufika milioni 9. Hao Wamarekani nao wana ugonjwa huo huo, wengi wao husema kura moja haina kitu. Na mwaka 2000 urais wa nchi ile kubwa uliamuliwa na kura 537 katika jimbo moja la Florida. Kura 537! Mnada wa hapa siku ya kawaida una watu kupita idadi hiyo.

Tumesema ya mkoloni. Sasa tuseme na yetu, maana hatukuja kuwasifu watu wa chama.

Mwaka 1960, mwezi Agosti, ulifanyika uchaguzi wa kuunda serikali ya madaraka. Viti vilikuwa 71. TANU ilikuwa kama moto wa kiangazi. Katika viti 58 hakuna hata mtu mmoja aliyejitokeza kuipinga. Ilishinda viti 70. Kiti kimoja tu katika Tanganyika nzima kilimwacha mtu wa TANU aliyeteuliwa. Kiti gani? Wazee, mnakijua. Kilikuwa kiti cha Mbulu, Mbulu ya siku hizo iliyokuwa kubwa, ikichukua Hanang, Babati na Karatu za leo. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Bwana Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama peke yake bila baraka ya chama, na watu wakamchagua yeye.

Wako wanaoieleza habari ile kwa ukabila tu, wakisema Wairaqw walimtaka mtu wao. Huenda hilo lilikuwamo. Sisi hatukuwapo, na ukabila ni ugonjwa ambao hatuutetei. Lakini tazameni na hili. Watu wale walikuwa wanautaka uhuru kama wengine wote. Hawakumchagua adui wa uhuru. Walimchagua mwanachama mwingine wa chama kile kile. Walichokataa ni kuletewa jina na kuambiwa "huyu ndiye". Katika siku ambazo nchi nzima ilikuwa inasema ndiyo, wao walipima, wakasema: uhuru ndiyo, lakini mtu tutamchagua wenyewe. Na dunia haikuanguka. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 1961, na Mbulu ikiwa ndani yake.

Tena yaliyofuata yaonyesha kwamba walikuwa wameona jambo ambalo wakubwa waliliona baadaye. Uchaguzi ambao mgombea ni mmoja humfanya mwananchi kuwa shahidi tu. Basi ulipokuja mfumo wa chama kimoja, katika uchaguzi wa mwaka 1965 TANU iliweka watu wawili karibu katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na raia akaambiwa achague. Akachagua kweli! Hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, alikosa kiti. Ni kweli kwamba wote wawili walikuwa wa chama hicho hicho, na kwamba vikao vya juu ndivyo vilivyopitisha majina; mwenye mawazo mengine alibaki hana mahali mpaka sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992. Hatutaki kupaka rangi. Lakini mkulima wa mwaka 1965 alijua kwamba waziri anaweza kurudishwa nyumbani kwa kalamu yake, na waziri naye alijua.

Huenda wako viongozi wetu ambao hawatafurahi tukiyasema haya katika mkutano wa chama. Tumeyafikiri kabla ya kusimama. Chama ambacho wanachama wake hawawezi kukiambia hapana hakijui kama ndiyo yao ni ya kweli au ya woga. Sisi tungependa kuambiwa hapana hapa Dongobesh, mchana, na mtu ambaye jina lake twalijua, kuliko kupigiwa makofi na watu ambao siku ya mkutano wa kijiji hawatatokea.

Na akina mama, msituambie kwamba mila yakataza. Wabarbaig wana baraza la akina mama, girgwageda gademga, na mwanamume aliyemkosea mwanamke huitwa mbele yake, akahukumiwa na kutozwa faini, na wazee hawaingilii. Kama mama anaweza kumhukumu mume wa mtu chini ya mti, atashindwaje kumuuliza mtendaji fedha za kisima zimekwenda wapi? Sheria nayo imewatengea mahali: robo ya halmashauri ya kijiji isipungue kuwa wanawake, na katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu wawe wanawake. Lakini tumeona mahali ambapo watatu hao ni mke wa mwenyekiti, dada wa mwenyekiti na mama mmoja ambaye hajui kwamba jina lake limo.

Mtatuuliza: mtu wa shamba atapata wapi nafasi ya kujua yote hayo? Hatusemi kila mtu awe mwanasheria. Hatusemi ushinde na redio sikioni, wala kuamini kila kitu kinachorushwa kwenye simu na kijana aliyeko mjini. Uongo nao siku hizi unakimbia kuliko basi la Babati. Twasema kaya kumi zinazopakana ziwe na mtu mmoja anayejua kusoma, asome tangazo la mkutano na kuwaeleza wenzake kwa lugha yao, Kiiraqw au Kidatooga au Kiswahili. Twasema asitie mtu sahihi karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mpaka mwisho, na sehemu tupu ipigwe mstari. Twasema kijiji kiulize kama kina cheti cha ardhi ya kijiji, na kiko katika sanduku la nani. Sisi walimu, tulio na kazi na tusio na kazi, hatuna udhuru. Tulifundishwa kwa jasho la wazazi hawa, na kusoma muhtasari wa mkutano mbele ya watu si kazi nzito kuliko kusahihisha madaftari 80.

Yule mzee wa Hanang tulimrudia. Tulimkuta anatengeneza boma. Tukamweleza habari ya mvua na shamba kama tulivyowaeleza ninyi. Alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa kijana siku trekta la kwanza lilipofika, na kwamba walilishangilia, wakakimbia nyuma yake kama watoto. "Hakuna aliyetuambia linakwenda wapi," akasema. Halafu akauliza mkutano wa kijiji ni siku gani.

Ndugu Mwenyekiti, muda wetu umekwisha na ng'ombe wa watu wako juani. Tuna nakala tatu za sheria ile kwa Kiswahili, zitabaki hapa, moja kwa akina mama, na atakayeichukua aandike jina lake katika daftari hili. Sasa twaomba maswali. Tuanze na yule mama mwenye kitenge cha bluu, ambaye ameinua mkono tangu tulipotaja mapato na matumizi.